Bati la Ndege Likibonyea

Bodi ya gari ikibonyea, fundi wa Temeke hutumia nyundo, na pengine moto. Bati la ndege je? Moto hapana! Sikilizeni sababu.

Mwaka 1906 Alfred Wilm, wa Ujerumani, alichanganya alumini na shaba kidogo. Aliipasha moto, akaipoza ghafula. Baada ya siku chache ikawa ngumu. Bati la namna hiyo lilijenga ndege za Dakota, zilizorushwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu 1946 hadi 1977.

Ukilichoma ovyo, nguvu hiyo hupotea. Basi fundi hukinga chuma nyuma, hugonga polepole. Akiona ufa, hutia kiraka kwa ribiti. Rangi hufunika ufa, haiuzuii kukua angani.

Swali: Kwa nini moto hudhuru bati hilo?