Isiolo, lango la kaskazini lenye ardhi isiyo na hati

Anayetoka mjini Isiolo kuelekea mashariki, upande wa Garba Tula na Modogashe, hupitia kituo kidogo cha wafugaji kiitwacho Kulamawe. Jina hilo halihitaji mkalimani, na mwenye kuiona nchi yenyewe wakati wa kiangazi hataliona kuwa la mzaha. Hata hivyo, Kulamawe imo katika ramani ya barabara kuu ya Isiolo, Wajir na Mandera, mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 750 mwaka wa 2020. Ili kuelewa kwa nini barabara inapokelewa huku kwa furaha na wasiwasi kwa pamoja, sharti kwanza kuujua mji ambako inaanzia.

Mji wa Isiolo uko kilomita 285 hivi kaskazini mwa Nairobi, katika mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene inapokoma na tambarare kame kuanza. Kaunti yenyewe ni pana, zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 pekee. Uhai wao unategemea mto Ewaso Ng'iro, ambao maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare na kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Wakulima wa mboga na maua walioko juu, Laikipia na Nanyuki, huchota kwanza, na wafugaji wa Merti hupata masazo.

Mji huu ni mchanga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa askari Wasomali waliolitumikia jeshi la Uingereza. Ikafuata karantini ya mifugo, kisha makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa kifupi NFD. Wilaya hiyo ilikuwa nchi iliyofungwa, kwani mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na ng'ombe wa kaskazini hawakuruhusiwa kuteremka kusini bila kupita karantini. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wasakuye na Wameru walikutana hapa kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na kizuizi. Desturi ya wakazi kusema "naenda Kenya" wanaposafiri kwenda Nairobi ilitokana na kizuizi hicho.

Uhuru haukulifungua lango. Juni 1963, mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera, mwenyewe Mborana, aliviziwa na kuuawa pamoja na Haji Galma Dido, aliyewahi kuwa chifu. Wote wawili walipinga kaskazini kujitenga na kujiunga na Somalia. Wengi wa wanaopita Barabara ya Wabera katikati ya Nairobi hawajui ni ya nani. Vita vya Shifta vilivyofuata vilidumu hadi 1967. Waborana wa Waso walikusanywa katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, na mifugo iliyozuiwa kutafuta malisho ikafa kwa makundi. Wao hukiita kipindi hicho Gaf Daba, wakati mambo yote yaliposimama. Waliobaki bila ngamia walihamia pembezoni mwa mji kutafuta vibarua. Sheria ya 1970 iliwakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda wakati huo, na ilikaa vitabuni kwa miongo kadhaa.

Uchumi bado ni mifugo. Ng'ombe, mbuzi na ngamia huuzwa mjini, na maziwa ya ngamia, biashara iliyo mikononi mwa wanawake, hupakiwa katika mabasi hadi Eastleigh. Kambi za jeshi nazo huleta wateja, na mbuga za Buffalo Springs na Shaba huleta watalii. Kichinjio kikubwa kilichoanza kujengwa miaka ya 2000 kilikuwa bado hakijafanya kazi muongo mzima baadaye, jambo ambalo ni vigumu kulieleza katika kaunti ya wafugaji.

Mageuzi makubwa yaliletwa na lami. Kampuni ya Kichina, China Wu Yi, ilijenga kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille, na sehemu zilizosalia hadi Moyale zikakamilika katika muongo uliofuata. Safari iliyokuwa ya siku mbili au tatu juu ya lori sasa ni ya siku moja. Machi 2012 ukazinduliwa mradi wa LAPSSET, uliopanga reli, bomba la mafuta na mji wa kitalii katika eneo la Kipsing. Bandari ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021. Reli ya kufika Isiolo haijajengwa.

Uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa 2017 ulionyesha gharama ya ahadi hizo. Umekaa juu ya mpaka unaozozaniwa na Meru, na baadhi ya familia zilizouhamia zililalamika kwa miaka mingi kwamba hazikupewa viwanja walivyoahidiwa. Walikuwa na kadi za ugavi na mashahidi, si hati miliki. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti ilikuwa ya amana chini ya mabaraza ya wilaya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kujisajili na kupata hati ya pamoja, lakini usajili huo umekwenda kwa mwendo wa kobe, na walanguzi wa viwanja hawana subira hiyo.

Kulamawe, basi, inasubiri vitu viwili, lami na hati. Mhandisi akitangulia kufika kabla ya msajili wa ardhi, mfugaji atakayetakiwa kuhamisha boma lake atakuwa na visima vya babu yake vya kuonyesha, na karatasi hana.