Gari Iliyozaliwa na Uhaba

Land Rover ya mjomba ilituzimia tena kwenye mchanga, kati ya Lodwar na Kerio, saa saba mchana. Joto lilikuwa limegeuza petroli kuwa mvuke ndani ya paipu, na pampu haivuti mvuke. Mjomba alilowesha kitambaa kwa maji yetu ya kunywa, akakizungusha kwenye pampu. Tukangoja.

Nilidhani ujanja huu ni wa Turkana tu. Kumbe hata gari yenyewe ilizaliwa na uhaba. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, kwa hivyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Vipande vyake vingi hufungwa kwa bolti: mlango ukiumia, unautoa kwa spana.

Chesisi, lakini, ni chuma. Ya kwetu imechomelewa mara mbili, na binamu zangu wanataka iuzwe kwa kilo.

“Mpwa wangu,” mjomba alisema, “gari mpya ikizima hapa, itangoja kompyuta kutoka Kitale.”

Ikawaka. Maji yalibaki nusu chupa.