Altrasaundi ya kidole tumbo kwa watoto

Altrasaundi ya kidole tumbo ni kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kama kidole tumbo, kijifuko chembamba kilichoungana na mwanzo wa utumbo mpana, kimevimba. Kwa watoto ndicho kipimo cha picha kinachotangulizwa: hakina mionzi, na kwa kuwa wengi wao hawana mafuta mengi tumboni, viungo huonekana vizuri kuliko vya watu wazima.

Ugonjwa
Kidole tumbo kikiziba, bakteria huzaliana ndani yake, nacho huvimba na hatimaye kuweza kupasuka. Kwa kawaida maumivu huanzia kitovuni, kisha huhamia chini upande wa kulia. Mtoto hukataa chakula, hutapika na kupata homa. Walio chini ya miaka 5 hawawezi kujieleza vyema, hivyo wengi hufikishwa hospitali kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka. Malaria, homa ya matumbo, minyoo na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuleta dalili zinazofanana.

Upimaji
Mbinu inayotumika hadi leo ilielezwa mwaka 1986 na daktari Mholanzi Julien Puylaert. Mtoto hulala chali, hupakwa jeli tumboni, kisha huambiwa aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Mpimaji huanzia hapo. Hubonyeza polepole ili kusogeza utumbo na hewa. Kidole tumbo kizima hubonyea. Kilichovimba hakibonyei, kipenyo chake huzidi milimita 6, na mafuta yanayokizunguka hung'aa kwenye skrini. Pengine huonekana kijiwe ndani yake, au usaha pembeni.

Kidole tumbo kisipoonekana, hilo si hakikisho kwamba ni kizima: huenda kimefichwa na hewa au kimelala nyuma ya utumbo. Kwa hiyo daktari hulinganisha picha na alichokigundua kwa mikono na majibu ya damu, na shaka ikibaki hurudia kipimo baada ya saa kadhaa.

Juani
Kukifikia kipimo hiki si rahisi kila mahali. Juani, kisiwa cha Wilaya ya Mafia nchini Tanzania, kimetenganishwa na hospitali ya wilaya kwa bahari na barabara. Mgonjwa huvuka kwa chombo hadi Utende, kisha husafiri nchi kavu hadi Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu. Na kuvuka kwenyewe hutegemea upepo na maji kujaa au kupwa. Siku hizi zipo mashine ndogo za altrasaundi zinazounganishwa na simu, ambazo zaweza kubebwa hadi visiwani. Hata hivyo zinahitaji mpimaji aliyefunzwa, na upasuaji hubaki kazi ya hospitali.

Kwa mzazi wa kisiwani, basi, uamuzi wa kusafiri hutangulia picha. Mtoto ambaye maumivu yake yamehamia chini kulia asikandwe tumbo wala asipewe dawa ya kulainisha choo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.