Mafungu ya Tongoni na Ramani ya Dashibodi

Gari lililotumika Japani, likisha kushushwa bandarini na kufikishwa Tanga, aghalabu huja na kioo cha ramani katikati ya dashibodi. Na dereva akiliwasha hukuta kioo kile kikimsemesha Kijapani na kumwonyesha visiwa ambavyo yamkini hatavikanyaga aushi yake. Setilaiti zasikika vyema, kwa kuwa zinaizunguka dunia nzima kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, wala hazibagui baina ya Yokohama na Chumbageni. Kilichokosekana ni ramani. Kujua mahali ulipo ni elimu moja, na kujua mahali hapo palivyo ni elimu nyingine, na pwani yetu iliionja tofauti hiyo zamani sana.

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipokuwa zikipanda kutoka kusini, mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtang'ata, karibu na Tongoni, kabla ya kuiona Mombasa. Mabaharia wale walikuwa na dira na ala za kupimia kimo cha jua, ila ala hizo haziwezi kuonyesha mafungu. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, na baada ya kumpata rubani huko Malindi wakaivuka Bahari ya Hindi hadi Uhindi. Lakini Januari 1499, wakirejea na watu wachache waliosalimika na kiseyeye, waliiteketeza São Rafael papo hapo Mtang'ata, kwa kuwa mikono ya kuiendesha haikutosha. Manahodha wa bahari hii walikuwa na kamali, kibao chenye uzi wa mafundo cha kupimia kimo cha nyota, na walikuwa na vitabu kama kile cha Ahmad ibn Majid kilichoandikwa mnamo 1490. Fauka ya hayo, maarifa yao yalihuishwa kila musimu, kwa maana aliyelikuta fungu jipya mwaka huu aliwasimulia wenzake kabla ya kusafiri mwaka ujao.

Kapteni Owen wa Uingereza alipoipima pwani ya Afrika kati ya 1822 na 1826, kazi iliyowaua kwa homa wengi wa watu wake, maarifa hayo yaliingia katika karatasi, na karatasi ina aibu moja, kwamba huzeeka ingali kabatini. Basi tangu 1834 ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza ikaanza kutoa ilani kwa mabaharia, na afisa wa merikebu akachukua kalamu ya wino, akalifuta boya lililoondolewa, akalitia fungu lililogunduliwa, na pembeni akaandika namba na mwaka wa sahihisho. Hapo, kwa rai yangu, ndipo desturi ya mwenye chombo kuihuisha ramani yake mwenyewe ilipopata kanuni.

Msafiri wa nchi kavu hakupewa ilani kama hizo. Mpelelezi Oscar Baumann aliipima Usambara mnamo 1890. Wajerumani wakachapisha ramani ya koloni lao kwa kiwango cha 1 kwa 300,000. Na baada ya 1946 Waingereza wakatumia picha za ndege. Shaaban Robert mwenyewe, mwana wa Tanga, alitumikia ofisi ya upimaji katika miaka ya 1950. Ramani za zama hizo zilikuwa sahihi, lakini msingi wa hesabu yake, uitwao Arc 1960, hauafikiani na ule wa setilaiti: anayezihamisha tarakimu zake katika chombo cha setilaiti bila kuzigeuza huikuta kila barabara imesogea kaskazini mita zipatazo 300, na kwa Raskazone ya Tanga umbali huo watosha kuitia barabara baharini.

Ramani ya gari ilianza bila setilaiti. Mwaka 1981 Honda ilitoa chombo kilichohisi mgeuko na mwendo wa gari, na dereva alibadilisha kwa mkono vipande vya ramani vilivyochorwa juu ya utando wa kupenyeza nuru. Eunos Cosmo ya Mazda ikaja na setilaiti mwaka 1990. Na Mei 2000 Marekani ikaondoa kosa ililokuwa imelitia kwa makusudi katika mawimbi ya raia, kosa lililoweza kufika mita 100. Tangu hapo upungufu umekuwa wa ramani.

Hatua za kuihuisha zajulikana: kupakua faili, kulitia katika kadi au flashi, kuanza na programu ndipo ramani ifuate, kwani programu kuukuu huenda isiusome muundo mpya, na kuhakikisha umeme haukatiki, maana programu iliyoandikwa nusu huweza kukiua chombo. Lakini uangalifu wote huo haumfai mwenye redio ya soko la Japani, ile yenye kioo cha ramani, kwa kuwa faili la Tanzania halikutengenezwa kwa chombo chake. Na betri ikifunguliwa, redio nyingi za Toyota hujifunga zikadai kadi au namba ya siri ambayo muuzaji hakuileta. Mali imenunuliwa kwa halali, ufunguo umebaki kwa mwingine, nami naona hiyo ni dhuluma. Ndiyo maana mafundi huing'oa redio ile wakaweka ya Android, yenye programu ya ramani isiyohitaji intaneti.

Ramani hiyo mara nyingi ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote aweza kuisahihisha. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wenyeji waliichora mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria, wakitafuta njia za mafuriko. Tanga ina haja hiyo hiyo. Barabara ya kilomita 65 hadi Horohoro imetiwa lami, na ramani kongwe haiijui hali yake mpya. Ngamiani mitaa yake huitwa kwa namba, na operesheni ya anwani za makazi ya 2022 imeleta vibao ambavyo chombo cha zamani hakina habari navyo. Pale Pangani, ambapo gari lilizoea kungoja kivuko liende Bweni, kazi ya daraja imeanza. Na siku magari yatakaporuhusiwa kupita, mkazi wa Bweni mwenye simu aweza kulichora daraja lile jioni hiyo hiyo, na msafiri wa kutoka Bagamoyo atakayepakua toleo lifuatalo la ramani ataelekezwa juu yake.