Proksi inapoizuia Git: jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu

Git, programu ya kuhifadhi na kufuatilia mabadiliko ya msimbo iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, aghalabu hukwama katika ofisi na vyuo ambako kompyuta haziruhusiwi kuufikia mtandao wa nje moja kwa moja. Kila ombi hupitia proksi, yaani seva inayosimama langoni mithili ya bawabu. Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba kivinjari hufungua kurasa bila taabu ilhali Git inakataa katakata. Sababu yake ni kuwa kivinjari husoma mipangilio ya proksi iliyomo katika mfumo wa kompyuta, nayo Git haina desturi hiyo. Sharti iambiwe.

Kabla ya kubadilisha chochote, ujumbe wa hitilafu usomwe kwa makini, kwani hueleza ni nani aliyekataa. Maneno "Could not resolve host" huashiria kuwa Git inaitafuta seva ya mbali yenyewe, bila kujua kwamba kuna proksi. "Could not resolve proxy" ni kinyume chake: Git inaitafuta proksi isiyopatikana, kwa sababu jina limeandikwa visivyo au kompyuta imehamishwa kutoka ofisini hadi nyumbani na mipangilio ya zamani. Namba 407 nayo ina maana kwamba proksi imefikiwa, lakini inadai kitambulisho.

Mipangilio huwekwa kwa jina http.proxy, ambalo huhudumia hata anwani za https. Wako wanaoandika https.proxy na kushangaa mbona hali haibadiliki. Git haina kipengele hicho. Pasipo http.proxy, Git hutazama vigezo vya mazingira kama https_proxy. Amri git config --show-origin --get-all http.proxy huonyesha anwani inayotumika na faili iliyomo, na git config --global --unset http.proxy huiondoa ile ya mtumiaji. Seva ya ndani ya ofisi isiyohitaji proksi iorodheshwe katika no_proxy.

Penye 407, kosa la kawaida ni nywila yenye alama ya @, ambayo Git huidhania mwisho wa kitambulisho. Alama hiyo iandikwe %40. Hata hivyo, nywila iliyoandikwa katika anwani ya proksi hubaki wazi ndani ya faili, na yeyote anayeifungua ataisoma. Ni afadhali kuandika jina la mtumiaji pekee, kisha Git iulize nywila.

Hatari kubwa zaidi huzuka pale proksi inapofungua mawasiliano ya siri ili kuyakagua, na Git ikalalamika kuhusu cheti cha usalama. Ushauri unaoenezwa mno ni kuzima ukaguzi kwa http.sslVerify false. Ushauri huo ni mbaya: tangu hapo Git itaiamini seva yoyote inayojifanya ile halisi, hata ikileta msimbo uliochezewa. Njia sahihi ni kuomba cheti cha msingi kutoka kwa wasimamizi wa mtandao na kuielekeza Git kwacho kupitia http.sslCAInfo.

Anwani za SSH hazihusiki na http.proxy hata kidogo. Poti namba 22 ikifungwa, watumiaji wa GitHub wanaweza kujaribu ssh.github.com kwenye poti 443, iwapo kanuni za ofisi zinaruhusu.

Kwa wanaotumia Subversion, vigezo vya mazingira havifui dafu. Programu hiyo husoma faili iitwayo servers, katika folda ya .subversion, penye http-proxy-host na http-proxy-port. Aidha, hutuma maombi ya aina ya PROPFIND na REPORT, ambayo baadhi ya proksi huyakataa kwa kutoyatambua. Anwani ya https huyapitisha salama, maadamu proksi haiyafungui njiani.