Tofali la Mpagazi wa Rufiji

Ukisafiri kwa Barabara ya Kilwa kuelekea kusini utapita Kibiti, kisha Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa. Abiria wengi hupita wakisinzia. Nami nilikuwa nikisinzia, mpaka nilipojua kwamba nchi ile ilikuwa uwanja wa vita.

Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914, na Waingereza wakaiangamiza tarehe 11 Julai, 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa majini, ikakokotwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga nao picha. Waliokokota mizinga ile hata majina yao hatunayo.

Tarehe 4 Januari, 1917, Kapteni Frederick Selous wa jeshi la Uingereza, akiwa na umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, kaskazini ya mto. Kaburi lake lipo mpaka leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na jina lake limeandikwa. Pori la akiba zima lilipewa jina hilo. Simwonei kijicho marehemu. Lakini miezi ile ile mvua kubwa ziliufurisha Rufiji, chakula kikapungua, na wapagazi wakafa kwa malaria na kuhara damu. Wanakijiji nao walishikwa na njaa, kwani majeshi yalikuwa yamekomba akiba yao. Wapagazi hao wamelala wapi?

Waingereza peke yao wanakadiriwa kupoteza wapagazi zaidi ya 90,000 katika vita ile ya Afrika Mashariki. Kariakoo, tunakonunua nyanya na vitenge, ilipata jina lake kutokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi na kuwasifu. Jina la mtu halimo hata moja.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba wakubwa wa enzi zile walimwona Mwafrika kuwa hatathamini jiwe la kaburi, na kwa hiyo wengi hawakuandikwa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Januari 2025, mjini Cape Town, yalizinduliwa makumbusho ya vibarua Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hiyo, kila mmoja na nguzo yake ya mti wa mvule yenye jina lake.

Huko Marekani wana utaratibu mwepesi zaidi. Familia hulipia tofali, likachongwa jina la mwanajeshi wao, cheo na kikosi, kisha likapangwa kwenye njia ya bustani ya mji. Kibiti matofali ya kuchoma si adimu. Kinachopungua ni majina, na hayo yamo vinywani mwa wazee.

Nilimweleza hayo mzee mmoja wa Kibiti ambaye babu yake alichukuliwa kubeba mizigo asirudi.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa habari za babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini kaa.”

Alinitajia jina la babu, la baba yake na la kijiji. Niliyaandika yote katika daftari langu la kazi. Nilipomweleza habari ya tofali, alinyamaza kidogo.

“Sasa utaliweka wapi? Kaburi lenyewe hatulijui.”

Nikamwambia liwekwe kando ya barabara, pale mabasi yanaposimama.

“Basi andika herufi kubwa,” akasema, “watu wa mabasi wana haraka.”