Kulea Watoto Karibu na Machimbo: Kabambare

Upande wa Salamabila na Namoya, dhahabu huwavuta watoto mapema. Kijana wa miaka 14 akileta makuta nyumbani, baba hushindwa kumkataza jambo. Lakini kwa sheria ya Januari 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi ya machimbo haimruhusiwi. Shule za msingi za serikali, pamoja na za makanisa yetu zilizo chini yake, ni bure tangu 2019 (daftari bado ni mzigo, tunajua). Wazazi wapendwa, tusimuulize kwanza ameleta nini. Tumuulize amekula wapi, alikuwa na nani. Waefeso 6:4 inawahusu akina baba: matusi mbele ya wenzake humfukuza mtoto nyumbani. Akirudi na kikohozi au kidonda, apelekwe kwanza kituo cha afya, maonyo yafuate baadaye.